Kura ya Kijiji na Mali ya Porini: Uchaguzi wa Viongozi wa Kujitolea katika Jumuiya ya MBOMIPA, Tanzania

1. Utangulizi

Katika historia ya hifadhi ya wanyama barani Afrika mengi yameandikwa juu ya tembo na faru, na mengi zaidi juu ya wageni waliowawinda na kisha wakageuka kuwa walinzi wao. Machache yameandikwa juu ya mkulima ambaye jirani zake, wakiwa wamekusanyika katika mkutano wa kijiji, humchagua kwa kura awe msemaji wao katika mambo ya wanyama na uwindaji, naye akakubali kazi hiyo bila mshahara. Hata hivyo, tangu miaka ya 1990, nchi kadhaa za Afrika zimeiweka hatima ya mapori makubwa mikononi mwa watu wa namna hiyo.

Makala haya yanachunguza historia ya jumuiya moja, ile ya MBOMIPA katika mkoa wa Iringa nchini Tanzania, kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Jina lake ni kifupi cha maneno ya Kiswahili: Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Msomaji wa lugha hii ataona mara moja mambo mawili. Kwanza, waliotunga jina hilo walitanguliza matumizi, wala hawakutaja ulinzi. Pili, mnyama wa porini anaitwa humo malihai, yaani mali iliyo hai. Basi swali linalotuongoza ni hili: ikiwa mnyama ni mali, je, aliyechaguliwa na wanakijiji alikabidhiwa mali hiyo kwa kweli, au alikabidhiwa cheo tu?

2. Zama ambazo hakuna aliyeulizwa

Haifai kudhani kwamba uwindaji wa Kiafrika ulikuwa hauna uongozi kabla ya kuja kwa serikali za kikoloni. Katika Unyamwezi palikuwa na chama cha wawindaji wa tembo, bayege, ambacho mtu alikiingia kwa kufundishwa dawa, nyimbo na miiko yake. Wanahistoria wengi wanalihusisha na chama hicho jina la Wayeke, watu wa Msiri, waliotoka upande huo katika karne ya 19 wakaweka makao yao Bunkeya, katika Katanga. Cheo katika vyama kama hivyo hakikutokana na kura. Kilitokana na ujuzi, umri na ushuhuda wa wenzi. Lakini kiongozi alijulikana na watu wake, na akikosea, aliishi miongoni mwa wale aliowakosea.

Ukoloni uliuvunja uhusiano huo. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji katika Afrika ya Mashariki ya Kidachi: leseni zikalazimishwa na mapori ya akiba ya kwanza yakatengwa. Tarehe 19 Mei 1900 mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika ulitiwa sahihi London, na miongoni mwa waliotia sahihi walikuwamo wajumbe wa Dola Huru ya Kongo ya mfalme Léopold wa Pili. Hapakuwa na Mwafrika mezani. Mwaka 1903 ikaundwa, London pia, jumuiya ya kuhifadhi wanyama wa dola ya Kiingereza. Wanachama wake wengi walikuwa wawindaji mashuhuri na maofisa wa makoloni, hata wakabandikwa jina la kejeli la wachinjaji waliotubu. Jumuiya hiyo ilikuwa ya kujitolea, nayo ilikuwa na halmashauri yake, lakini waliochagua na waliochaguliwa walikuwa wa tabaka moja, mbali sana na mashamba yaliyoliwa na viboko.

Katika Kongo ya Kibelgiji mambo hayakuwa tofauti. Mbuga ya Albert, inayoitwa leo Virunga, ilianzishwa mwaka 1925, na mwaka 1934 ikaundwa taasisi ya mbuga za taifa ambayo makao yake yalikuwa Brussels. Waliokaa katika baraza lake waliteuliwa. Wenye kuishi kando ya mbuga hawakuwa na kura wala kiti.

Tokeo moja la zama hizo linaonekana katika lugha yenyewe. Kiswahili cha Tanzania kilijipatia maneno mawili kwa ajili ya kazi moja: mwenye leseni ni mwindaji, asiye nayo ni jangili. Mtu yule yule, mwenye mshale ule ule aliorithi kwa baba yake, alitoka katika neno la kwanza akaingia katika la pili bila kusogea hatua moja kutoka nyumbani kwake.

3. Kutoka operesheni hadi mradi

Uhuru haukubadilisha msingi huo. Azimio la Arusha la mwezi Septemba 1961 kuhusu wanyama, lililotolewa na Julius Nyerere, liliwataja wanyamapori kuwa amana ya taifa zima. Hifadhi ya Ruaha ilitangazwa mwaka 1964. Sheria ya Hifadhi ya Wanyamapori ya mwaka 1974 iliendelea kuwaweka wanyama chini ya dola, popote walipokuwa, hata katika ardhi ya kijiji. Biashara ya pembe ilipopamba moto katika miaka ya 1980, jibu la serikali lilikuwa la kijeshi: Operesheni Uhai ya 1989 na 1990 iliwaingiza porini polisi, wanajeshi na askari wa wanyamapori kwa pamoja. Ujangili ulipungua, lakini ilidhihirika kwamba serikali haikuwa na fedha za kuendesha operesheni kila mwaka. Ilihitaji macho ya wanakijiji, na macho hayo hayapatikani kwa amri.

Hapo ndipo ilipozaliwa miradi ya kushirikisha wananchi. Kandokando ya Selous kazi ilianza mwaka 1988 kwa msaada wa Wajerumani. Kando ya Ruaha mradi wa kwanza uliungwa mkono na Waingereza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1997 ukafuatwa na mradi ulioitwa MBOMIPA. Eneo lililohusika lilikuwa pori tengefu la Lunda-Mkwambi, lililopakana na hifadhi upande wa mashariki, na vijiji vya tarafa za Idodi na Pawaga. Humo wanaishi Wahehe, Wabena, Wasangu, Wagogo, na pia Wamaasai na Wabarabaig walioingia na mifugo yao. Ni nchi kame yenye kutegemea Mto Ruaha Mkuu, na tangu miaka ya 1990 hata mto huo umekuwa ukikauka kwa majuma mengi kila mwaka.

Utaratibu wa mradi ulikuwa rahisi kueleza. Idara ya Wanyamapori ilipanga mgawo, yaani idadi ya nyati, swala na wengine wanaoruhusiwa kuuawa katika mwaka. Vijiji vikauza mgawo wao kwa wawindaji wakazi, yaani watu waliokaa nchini wenye leseni za bei ndogo, tofauti na watalii matajiri wa vitalu vya uwindaji. Fedha ziliingia katika mifuko ya vijiji, zikasaidia shule na kazi nyingine za pamoja. Kiasi hakikuwa kikubwa. Lakini kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1896 mkutano wa kijiji ulijadili bei ya nyati kama unavyojadili bei ya mpunga. Kamati za maliasili za vijiji, zilizochaguliwa na wananchi, zilikuwa na jambo la kuamua na hesabu ya kusoma mbele ya watu.

4. Namna ya kuchagua

Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 iliahidi kulifanya jambo hilo kuwa la nchi nzima. Kanuni zilizotolewa mwishoni mwa 2002 zilitaja maeneo 16 ya majaribio. Kwa mujibu wake, vijiji vinavyotaka vinatenga sehemu ya ardhi yao kuwa eneo la hifadhi ya jamii, kisha vinaunda jumuiya moja yenye katiba, nayo jumuiya ikiidhinishwa inapewa haki ya kuwatumia wanyama. Jumuiya ya MBOMIPA iliandikishwa mwaka 2002, na eneo lake likatangazwa rasmi mwaka 2007. Vijiji wanachama vilifika 21.

Njia ya kufikia hapo ilikuwa ndefu: kupima mipaka, kuandika mpango wa matumizi ya ardhi, kutunga sheria ndogo, kupata sahihi za wilaya na wizara. Kila hatua ilihitaji wataalamu na usafiri, na kila hatua ilichukua fedha za wafadhili zaidi ya za vijiji. Msaada wa Waingereza kwa mradi ulikuwa umekwisha kabla eneo halijatangazwa.

Uchaguzi wenyewe una ngazi mbili. Katika ngazi ya kwanza, Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni mkutano wa wakazi wote waliofikia umri wa miaka 18, huwachagua wawakilishi wa kijiji. Katika ngazi ya pili, wawakilishi wa vijiji vyote hukutana na kuchagua mwenyekiti, katibu, mhazini na kamati. Neno kura, lililotoka katika Kiarabu, hapo awali lilikuwa na maana ya bahati nasibu inayotupwa ili kujua fungu limwangukie nani. Katika mkutano wa kijiji maana hiyo ya kale haijafa kabisa: mtu huweza kuchaguliwa kwa kuwa anajua kusoma, kwa kuwa ana baiskeli, au kwa kuwa hakuhudhuria na hakuweza kukataa.

Ngazi hizo mbili zina faida na hasara. Faida ni kwamba kijiji kidogo hakimezwi na kikubwa, maana kila kimoja kina sauti. Hasara ni kwamba mwenyekiti wa jumuiya hakuchaguliwa moja kwa moja na wanakijiji. Anawajibika kwa wawakilishi wenzake, nao wanawajibika kwa mikutano ya vijiji vyao, ikiwa mikutano hiyo inaitishwa. Kijiji kina tayari serikali yake, ambayo huchaguliwa kila baada ya miaka 5 na ambayo, tangu kurudi kwa vyama vingi mwaka 1992, huchaguliwa kwa tiketi za vyama. Kwa hiyo kijiji kimoja kina viongozi wa aina mbili waliotoka katika mkutano ule ule: wenye kusimamia ardhi, na wenye kusimamia wanyama wanaotembea juu ya ardhi hiyo. Migogoro mingi ya jumuiya hizi imezaliwa katika mwanya huo.

Yafaa kuongeza kwamba uwindaji umehesabiwa siku zote kazi ya wanaume, na mazoea hayo yaliingia katika jumuiya. Sheria ya serikali za mitaa imewatengea wanawake angalau robo ya viti vya halmashauri ya kijiji. Lakini palipozungumzwa mambo ya pori, wanaume walipendekezana wao kwa wao, ingawa wanawake ndio wanaokwenda kutafuta kuni na maji mahali ambapo tembo hupita.

5. Kujitolea na posho

Mwakilishi wa jumuiya hana mshahara. Anajitolea. Katika vilabu vya wawindaji vya Ulaya na Amerika kujitolea ni heshima ya mtu aliyeshiba: ana kazi yake, na jioni anatoa saa chache kwa klabu. Katika Pawaga anayejitolea anaacha shamba lake la mpunga wakati wa kupanda ili ahudhurie kikao kilicho mbali, na njia ni ile ambayo wakati wa masika haipitiki. Ndiyo maana neno posho lina uzito mkubwa katika historia ya jumuiya hizi. Posho ilikuwa mwanzoni chakula cha mpagazi au cha askari. Sasa ni fedha ya kikao. Bila posho, maskini hawezi kuwa kiongozi. Posho ikizidi, kikao kinakuwa ndiyo kazi yenyewe, na fedha za swala zinaishia mezani kabla ya kufika shuleni.

Wale wanaobeba hatari kubwa zaidi si wajumbe wa kamati bali ni askari wa wanyamapori wa vijiji, vijana waliopendekezwa na vijiji vyao na kupewa mafunzo. Wanazunguka porini kwa malipo madogo yasiyo na uhakika, wakipambana na majangili wenye silaha bora kuliko zao, na mara nyingine jangili ni jamaa yao. Kamati iliyochaguliwa ndiyo inayowatuma. Ikikosa fedha za kuwalipa, heshima ya kamati huanguka kwanza machoni pa vijana hao, kisha machoni pa wazazi wao.

6. Cheo bila mfuko

Hapa tunafika katika kiini cha jambo. Kanuni ziliamuru kwamba jumuiya ipeleke kwa vijiji wanachama angalau asilimia 50 ya mapato yake, itumie angalau asilimia 25 kwa uendeshaji na angalau 15 kwa kuendeleza maliasili. Mgawanyo huo ulikuwa wazi. Kilichokuwa hakiko wazi ni kiasi gani kitaifikia jumuiya kabla ya kugawanywa. Bei ya leseni, idadi ya mgawo na ada za watalii ziliendelea kupangwa na serikali kuu. Tangu mwaka 2008 ada za utalii katika maeneo ya jumuiya zilianza kukusanywa na serikali kwanza, ndipo sehemu yake irudishwe. Sheria mpya ya 2009 na kanuni za 2012 zilithibitisha mwelekeo huo: mapato yakagawanywa kati ya jumuiya, wilaya, hazina na mfuko wa kulinda wanyamapori, na sehemu ya jumuiya ikasubiriwa.

Matokeo yake kwa kiongozi wa kujitolea ni rahisi kuyafikiri. Kijiji kilimchagua kwa sababu kilitenga ardhi: malisho yaliyofungwa, mashamba yasiyolimwa tena, kuni zisizokatwa. Anaporudi katika mkutano, watu wanamuuliza habari za fedha. Naye anajibu kwamba fedha hazijaja, na kwamba hajui zitakuja lini. Mwenye kumpigia kura hawezi kumpigia kura ofisa wa wizara. Kwa hiyo hasira yote inamwishia aliye karibu. Ataitwa mwizi hata kama hakuona senti.

Hali ni ile ile tembo wanapovunja shamba. Tanzania ilitoa kanuni mwaka 2011 za kuwalipa walioharibiwa mazao au kufiwa kwa sababu ya wanyama. Malipo hayo yanajulikana kwa majina ya kifuta jasho na kifuta machozi, na majina hayo yalichaguliwa kwa uangalifu: hayasemi fidia, kwa kuwa fidia ingekubali kwamba mwenye mnyama ana deni. Hapo ndipo swali la mali linarudi. Tembo akiwa anauzwa, mali ni ya wengi wenye kugawana. Tembo akiwa amekula mahindi, hana mwenyewe. Mwakilishi aliyechaguliwa anaandika majina ya waliopata hasara na kuyapeleka wilayani. Mfuko wa kuwafuta machozi hauko mikononi mwake.

Si vijiji vyote vilivyokubali mpango huo. Kijiji cha Sinya, katika eneo la Enduimet chini ya Kilimanjaro, kilisita kwanza kwa kuwa kilikuwa na mapatano yake yenyewe na wafanya biashara ya utalii. Huko Loliondo vijiji vilikataa kabisa. Minjingu, katika eneo la Burunge, kilitaka kujitoa baada ya kuingizwa, kikaona kwamba mlango wa kutoka ni mwembamba kuliko wa kuingilia. Mifano hii inafundisha kwamba kura ya kumchagua mjumbe haina thamani kamili ikiwa kijiji hakina kura ya kusema hapana.

7. Mfano wa kulinganisha: Namibia

Ili kupima hoja hii yafaa kutazama nchi nyingine iliyofuata njia inayofanana. Katika Namibia, chini ya utawala wa Afrika Kusini, wakulima wazungu walipewa tangu 1967 haki ya kuwatumia wanyama waliokuwa katika mashamba yao. Waafrika waliokaa katika ardhi ya pamoja hawakupewa. Tangu mwaka 1983, katika Kaokoveld, wazee wa vijiji walianza kuteua walinzi wa wanyama kutoka miongoni mwa watu wao, kwa ushirikiano na Garth Owen-Smith. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1996 ilitoa haki ile ile kwa watu wa ardhi ya pamoja. Masharti yalikuwa machache: mipaka iliyokubaliwa na majirani, orodha ya wanachama, katiba, kamati inayowakilisha watu, na mpango wa kugawana faida. Hifadhi 4 za kwanza ziliandikishwa mwaka 1998. Miaka 20 baadaye zilikuwa 86.

Tofauti kubwa na Tanzania haiko katika namna ya kupiga kura. Iko katika mfuko. Kamati ya Namibia hufanya mkataba yenyewe na mwenye biashara ya uwindaji au ya hoteli, na fedha huingia moja kwa moja katika hesabu ya hifadhi. Serikali hubaki na kazi ya kupanga idadi ya wanyama wanaowindwa. Hii haina maana kwamba kamati za huko ni za malaika. Matumizi mabaya yametokea, na mikutano ya mwaka imewaondoa viongozi. Lakini hilo lenyewe ni ushahidi: wanachama waliwaondoa kwa sababu fedha zilikuwa zimeonekana kuingia, na zilipopotea walijua nani aliyekuwa na ufunguo. Uchaguzi unakuwa na meno pale ambapo aliyechaguliwa anaweza kuulizwa juu ya jambo alilolishika.

8. Hitimisho

Historia ya MBOMIPA inaonyesha mwendo wa karne moja: kutoka zama ambazo hakuna mwanakijiji aliyeulizwa, hadi zama ambazo wanakijiji huulizwa nani awaongoze lakini hawaulizwi kiasi gani wapate. Mabadiliko hayo si madogo. Mkutano wa kijiji uliojifunza kusoma hesabu ya nyati hausahau upesi. Kupungua kwa nguvu ya wajumbe baadaye hakukutokana na ujinga wa wapiga kura wala na ubaya wa asili wa wachaguliwa. Kulitokana na kutenganishwa kwa cheo na mfuko.

Jambo hili linawahusu pia Wakongomani. Uwindaji katika Kongo umetawaliwa na sheria ya 28 Mei 1982, na hifadhi ya maumbile na sheria ya 11 Februari 2014. Tarehe 2 Agosti 2014 amri ya serikali ilifungua njia ya misitu ya jamii, ambayo kila mmoja waweza kufikia hekta 50,000. Kanuni za mwaka 2016 zinataka kila jamii yenye msitu iwe na mkutano wa wote, kamati ya uendeshaji, kamati ya kukagua na baraza la wazee. Katika misitu hiyo nyama ya porini ni chakula na ni biashara, na katika Kiswahili cha Kongo neno nyama hutaja mnyama aliye hai na kitoweo kilicho chunguni. Kamati zinazochaguliwa huko zitakutana na maswali yale yale ya Idodi na Pawaga.

Watakaoandika katiba za kamati hizo wataulizana, kama ilivyo desturi, mjumbe achaguliwe kwa muda gani na kwa mikono au kwa karatasi. Maswali hayo ni ya haki. Lakini uzoefu wa Ruaha unaweka mbele yake maswali mengine matatu: fedha zitaingia katika hesabu ya nani, hesabu hiyo itasomwa lini, na mbele ya nani, na ikiwa watu hawaridhiki, wanaweza kuondoka pamoja na ardhi yao au la. Jamii iliyopata majibu ya maswali hayo matatu kabla ya siku ya kura itakuwa imemchagua kiongozi. Isiyoyapata itakuwa imemchagua mtu wa kulaumiwa.